Benki Haikopeshi Nyumba Yenye Kaburi

Afisa wa mikopo alikuwa Mkenya, mrefu, mpole, na kila alipotaka kuniambia jambo baya alianza kwa kuniita madam. Madam, mkataba wako ni mfupi. Madam, mdhamini wako naye analipwa kidogo kama wewe. Madam, hii ni Juba, hatujui kesho. Hilo la mwisho lilinikera kuliko yote. Kwamba hatujui kesho nililijua kabla yeye hajapanda ndege kuja kwetu, na ndiyo sababu hasa nilikuwa nimekaa mbele ya meza yake nikitaka nyumba.

Vita vya kwanza vilikuwa vimetulia mjini, na vya pili tulikuwa tunavisikia vinakuja, kama unavyosikia mvua kwenye mabati ya jirani kabla haijafika kwako. Katikati ya hapo benki yake ikatangaza mkopo wa nyumba kwa watu wa mishahara midogo, ilimradi mshahara upitie kwao. Watu walicheka. Nani anakopesha nyumba katika mji ambao watu wake wanalala na viatu miguuni? Mimi sikucheka. Niliomba ruhusa kazini nikaenda kupanga foleni siku ileile.

Nilikuwa mtunza stoo wa shirika moja la misaada pale mtaa wa Thongpiny. Mablanketi, madumu, sabuni, viatu, maturubai. Mchana nilitoa maturubai kwa watu waliokimbia nyumba zao, jioni nikarudi mtaani kwangu Gurei, kwenye chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba alikipandisha kodi kila aliposikia dola imepanda. Nilizaliwa kambini Uganda. Nilikulia kambini, nikasoma nikiishi kwa watu, na amani ilipokuja nikarudi, nikaambiwa karibu nyumbani, lakini hiyo nyumba yenyewe hakuna aliyenionyesha. Nilikuwa nimechoka kuishi mahali ambapo hata msumari wa kutundikia gauni lazima uombe ruhusa kuupigilia. Nasema nilichoka, lakini neno lenyewe ni hasira.

Nyumba niliyoitaka ilikuwa njiani nikienda soko la Gurei. Vyumba viwili vya matofali, bati zima, choo chake, na uwanja wenye uzio, yaani hosh, kama tunavyoita Juba. Mwenyewe alikuwa mama mjane tuliyesali naye kanisa moja. Naye alikuwa amerudi kutoka Uganda kama mimi. Lugha za mama zetu hazikuwa moja, basi tulizungumza Kiswahili chetu cha kambini, na tulipokwama tukajazia Kiarabu cha Juba. Watoto wake walikuwa wamekimbilia tena Uganda, na kila wiki walimpigia simu wakimlilia awafuate. Alikubali kuniuzia. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi, kwa sababu gari la kanisa lilikuwa linaondoka kwenda Nimule, kwenye mpaka wa Uganda, na hakuna aliyejua kama barabara itabaki wazi baada ya hapo.

Uwanjani, upande wa jikoni, palikuwa na kaburi la mumewe. Kwetu hilo si la kushangaza, wengi wetu tunazika watu wetu nyumbani. Nilikaa karibu nalo mara nyingi tukimenya mihogo, jua likizunguka tunasogeza viti. Sikuwahi kulifikiria kama jambo linalohusu benki.

Tena kwa macho yetu sisi, kaburi lile lilikuwa jambo jema. Kila mtu wa Juba anajua kwamba kiwanja kitupu kinachukuliwa. Kiwanja chenye nyumba kinachukuliwa pia kama mwenyewe ni mnyonge. Lakini chenye kaburi, hata mwenye bunduki anafikiri mara mbili, maana ndugu wa marehemu hawaishi kudai, na mama yake mwenyewe huyo mwenye bunduki atamuuliza amelala juu ya nani.

Na mwenye bunduki alikuwepo. Kulikuwa na mnunuzi mwingine, kama ni haki kumwita mnunuzi, mkubwa mmoja wa jeshi aliyekuwa akitokea Bilpam, kwenye makao ya jeshi, kwa gari lisilo na namba. Alikaa kwenye kiti cha mama, akanywa chai yake, akamwambia kwamba mwanamke peke yake wakati kama huu anahitaji mtu wa kumpunguzia mzigo. Bei aliyoitaja ingemfikisha mama Nimule, ikamwacha hapo kwenye mpaka mikono mitupu. Kila aliposimama kuondoka alilitazama kaburi, akasema kwa adabu kwamba mambo ya mzee yakishatengenezwa, yaani kaburi likishaondolewa, amwite. Nilimsikia kwa masikio yangu. Hakuwa na haraka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Kwa hiyo nilikimbizana na mambo ya benki kama mtu anayezima moto. Mkataba wangu ulikuwa unaongezwa miezi michache michache, na benki ilitaka kujua nitalipa na nini ukikatika. Bosi wangu alisema hawezi kuahidi jambo lililo mikononi mwa wafadhili. Nikasimama mlangoni kwake, sikutoka, mpaka akakubali kuwaandikia kwamba tangu nianze kazi sijawahi kuachwa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mdhamini wa kwanza alikataliwa. Wa pili, dereva wetu mkuu, alikubali baada ya kuniapia kwamba nikikimbia deni atanifuata mpaka Kampala.

Ilibaki sehemu ya kwanza ya bei, ambayo benki ilitaka niilipe mwenyewe. Akiba yangu haikutosha. Sisi akina mama wa kanisa tulikuwa na sanduku, yaani tunachanga kila mwezi na mmoja anachukua zote, na zamu yangu ilikuwa mbali sana. Nilisimama mbele yao nikaomba zamu ya mtu mwingine. Aliyekuwa achukue mwezi ule alikuwa na nyumba isiyo na paa. Akasema nichukue, ila siku nikihamia nimpikie chai nzito. Mpaka leo sijui alifunika nyumba yake na nini mvua ziliponyesha.

Ikabaki ziara tu. Afisa alipaswa kuja kuitazama nyumba, kuipima na kuipiga picha.

Mama alijiandaa kumpokea kama anampokea askofu. Alifagia, akaazima viti, akanunua soda. Kisha akatafuta chokaa akalipaka lile kaburi mpaka likawa linaumiza macho, na juu yake akapanga maua ya plastiki. Nilipofika asubuhi nilimsifu. Nasema kweli, nilimsifu, nikamwondolea matone ya chokaa kwenye mkono kwa kanga yangu. Katika akili zetu, benki ilikuwa inataka uthibitisho kwamba nyumba ni yake kweli, na uthibitisho gani unalishinda kaburi? Karatasi za kiwanja kimoja unaweza kuzikuta kwa watu wawili tofauti, zote zina mhuri. Maiti hagongwi mhuri.

Afisa alikuja, akapima vyumba, akagonga kuta kwa kidole, akaonekana kuridhika. Moyo wangu ulikuwa umeanza kupanga pazia. Kisha akageukia upande wa jikoni akasimama.

"Madam," akasema. "Hii ni nini?"

Mama alijibu kabla yangu, amejaa fahari. "Hiyo iko mzee yangu. Hii nyumba hapana mtu anaweza kuchukua."

Afisa akairudisha simu yake mfukoni.

Alitueleza taratibu, kwa ile sauti yake ya hospitali. Benki haikopeshi nyumba yenye kaburi. Mimi nikishindwa kulipa, benki itabidi iuze, na nani atanunua? Tena ndugu wa marehemu wanaweza kutokea siku yoyote wakadai mtu wao. Kaburi lihamishwe, na kabla wiki haijaisha, au maombi yangu yafungwe. Aliomba radhi kwa mama, akaacha soda yake nusu. Nilitamani kumtupia kile kiti cha kuazima mgongoni.

Alipoondoka nilikaa chini nikalia kwa hasira. Nilisema nitatafuta ndugu wa mzee, nitatafuta watu wa kuhamisha, ingawa nilijua barabara ya kwao ilikuwa imefungwa na vita na hakuna gari lingekubali kubeba maiti kuipita. Mama aliniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akaenda kufunga geti, akarudi, akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Mwanangu," akasema, "pale hapana mtu. Iko matofali tu."

Akaniambia. Mumewe alitoka siku za vita vya kwanza, risasi zilipotulia kidogo, akasema anakwenda kumwangalia kaka yake upande wa pili wa mji. Hakurudi. Alimtafuta hospitali, akamtafuta kwenye kambi za waliokimbia, akatafuta mahali ambapo hakutaka kunitajia. Kisha wanaume wakaanza kupita mitaani wakichungulia nyumba zisizo na mwanamume. Ndipo alipojenga kaburi. Katekista alijua, akaja akasali, akanyamaza. Majirani walileta sukari na unga, wakakaa naye matanga. "Hiyo kaburi," akasema, "ndiyo askari yangu."

Sitaficha, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Matofali tu. Tuyabomoe leo, tumwite Mkenya kesho. Nilikuwa nimeshasimama mama aliponiuliza, kwa utulivu kabisa, yule mkubwa wa Bilpam akipita akakuta uwanja mtupu, atalala wapi usiku huo. Nikakaa tena. Kaburi likiwepo, hakuna benki. Likiondoka, yule bwana anahamia.

Siku ya pili nilikwenda benki nikasubiri mpaka afisa akabaki peke yake, nikamweleza yote kwa sauti ya chini. Siri haikuwa yangu. Likivuja neno moja tu, mama angepoteza nyumba na nauli ya kuwafikia watoto wake, na mimi ningebaki kupigilia misumari kwa ruhusa. Alinisikiliza akiwa ameiinamia meza. Akasema itabidi aje mwenyewe aone hakuna mtu, na apige picha ya uwanja ukiwa mtupu.

"Mimi naandika kile nimeona hiyo siku," akasema. "Siku ingine si kazi yangu."

Nilimwelewa. Ilikuwa mara ya kwanza nampenda.

Tuliwaambia majirani kwamba mama anasafiri, kwa hiyo anataka kulitengeneza kaburi upya kabla hajaondoka. Hilo ni jambo la kawaida, hakuna aliyeuliza. Tulifunga kamba kutoka jikoni hadi kwenye uzio, tukatundika mashuka yote aliyokuwa nayo, kama siku ya kufua. Afisa alipofika mchana tulikuwa tumeshaanza. Tulibomoa kwa mikono, tofali moja moja, tukiyapanga pembeni yasivunjike, maana jioni tungeyahitaji. Ni mimi na mama tu. Afisa alisimama katikati ya mashuka, jasho likimtoka, na kila gari lilipopita barabarani sote tulinyamaza.

Matofali yalipokwisha, ardhi chini yake ilionekana iliwahi kuchimbwa ikafukiwa. Afisa akasema samahani, lazima ichimbwe kidogo, hawezi kuandika kwa kukisia. Mama akasema hakuna haja. Akasema tena, hakuna haja, na sauti yake ilikuwa imebadilika, lakini mimi nilikuwa na haraka. Wakati huohuo gari likapunguza mwendo nje. Tulisikia injini ikinguruma pale pale getini, haizimwi wala haiondoki. Mama alifumba macho. Nilishika jembe kwa nguvu, hata leo nakumbuka alama ya mpini wake kwenye kiganja changu. Kisha gari likaondoka, nikachimba kama mwendawazimu.

Jembe lilinasa nguo.

Ilikuwa koti la mwanamume, limeoza mabegani. Ndani yake, vimefungwa vizuri, viatu vyeusi, visigino vimelika upande mmoja kama vya mtu anayechechemea kidogo. Mama alikaa chini kwenye udongo.

"Ulisema hapana mtu," nikamwambia.

"Hapana mtu," akasema. "Iko viatu. Mimi nilikosa kitu ya kulilia."

Afisa alikuwa amevua kofia yake. Akatuambia kwamba kwao, kando ya ziwa, mtu akipotelea majini asipatikane, wanachukua tunda la mti fulani wanalizika badala yake, na matanga yanakaliwa kamili, wala hakuna mtu kwao atakayesema kaburi hilo ni tupu. "Kwetu huyu ni mtu, madam," akasema. "Siwezi kuandika hakuna mtu."

Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia yeyote. Nilimwambia viatu si mtu, mimi nagawa viatu kwa magunia, nimeona viatu vingi kuliko yeye alivyoona nyumba. Nilisema hivyo mama akiwa amekaa pale miguuni pangu. Afisa alisimama tu ameshika kofia, na nyuma ya shuka jirani akawa anaita kuku wake, na mimi nikaona nyumba yangu inaondoka kwa sababu ya visigino vilivyolika.

Mama ndiye aliyesimama. Alilikung'uta koti, akavifuta viatu kwa upindo wa gauni lake, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Akaingia ndani. Tulisikia zipu ya begi lake la safari ikifunguliwa na kufungwa. Alipotoka alimwendea afisa akasimama mbele yake.

"Mzee nakwenda na mimi Uganda," akasema. "Watoto yake iko kule. Sasa piga picha."

Afisa alimuuliza kama ana hakika. Akasema anayo, kwamba siku zote kilichomchelewesha si nauli wala barabara, bali ni kumwacha mzee na wageni. Hapo ndipo nilipojua kwa nini alikuwa akiniambia mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi, huku begi lake likiwa tupu. Afisa aliweka kofia chini. Alichukua jembe mikononi mwangu, akafukia shimo yeye mwenyewe na shati lake la kupigwa pasi, akasawazisha, kisha akapiga picha ya uwanja mtupu. Akaaga. Hakuangalia yale matofali hata mara moja.

Kabla jua halijazama tulikuwa tumelijenga tena, tope kati ya matofali, chokaa juu, maua ya plastiki mahali pake. Mama alirudi nyuma kulitazama, akasema upande wa kichwa umepinda. Tukaurekebisha.

Mkopo ulitoka. Mama alilipwa, akaondoka na gari la kanisa, begi amelipakata, akakataa katakata lipandishwe juu na mizigo mingine. Nilihamia siku hiyohiyo. Nilipigilia misumari mingi kuliko nguo nilizokuwa nazo. Mwenye zamu ya sanduku alikuja, akanywa chai yake nzito, akayatazama mabati yangu.

Kisha vita vikarudi mjini. Nilijifungia ndani nikilala chini ya dirisha, na milio ilipopungua ndipo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba. Kwangu waliingia wanne au watano, vijana wadogo, macho mekundu. Walichukua godoro, mchele, redio. Mmoja akaniuliza nyumba hii ya nani, mwanamume wake yuko wapi, akasema pameshakuwa pao. Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo miezi mingi. Nilikuwa nimepanga kusema baba yangu. Nikamwonyesha upande wa jikoni, na kilichotoka mdomoni kikawa kingine.

"Mume wangu," nikasema. "Iko pale."

Sijawahi kuolewa. Akaniuliza alikufa lini, na nilipofungua mdomo nimdanganye, kilio kikanitoka, kilio cha kweli cha tumboni, nikaanguka magotini kwenye mlango wangu mwenyewe nikimlilia mtu niliyeviona viatu vyake tu. Sikuweza kunyamaza hata nilipotaka. Yule kijana alilitazama kaburi, akanitazama mimi, akawaambia wenzake kwamba hapa wako matangani, waondoke.

Wakatoka. Wa mwisho alirudishia geti nyuma yake. Nikawasikia wakigonga kwa jirani, mwenye kuku, ambaye uwanja wake haukuwa na kaburi.